Kibuyu Hakikatizwi Katikati

Ni saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi. Anayeshuka njia ya migomba hapa Nyakitonto, wilayani Kasulu, anaisikia kazi kabla hajaiona nyumba. Pwacha. Pwacha. Pwacha.

Immakulata Niyubahwe, mwenye miaka hamsini na mmoja, ameketi kwenye mkeka nje ya jiko lake, miguu kainyoosha, kibuyu cha maziwa kimelala mapajani. Mkono mmoja umeshika shingo ya kibuyu, mwingine kitako. Kibuyu kinaenda, kibuyu kinarudi. Kiwiliwili chake nacho kinaenda, kinarudi. Macho hayako kwenye kazi. Yako njiani.

Jirani yake, Cleophas, anatokea na kikombe cha bati.

"Bwakeye, Mama Jeanne."

"Bwakeye, Cleophas. Leo umewahi."

"Nimesikia mwendo wa polepole nikajua kuna amani. Siku ukisuka mbio mbio mimi hugeuza na kikombe changu kikavu. Naogopa kumwagiwa mtindi kichwani."

"Ngoja basi. Bado hakijashika."

Cleophas anachuchumaa pembeni, anangoja bila kulalamika. Anajua sheria ya nyumba hii: kibuyu kikishaanza, hakuna mgeni anayesimamisha kazi. Hata katekista aliwahi kungojeshwa hapo, na koti lake na Biblia yake, mpaka siagi ikaitika.

Kibuyu hiki, ambacho wenyewe kwa Kirundi wanakiita igisabo, Immakulata alikirithi kwa mama mkwe wake. Maziwa ya ng'ombe wake, Gaju, huyalaza tangu Jumanne mpaka yagande, kisha Alhamisi anayasuka. Huchukua dakika arobaini, siku ya baridi hata saa nzima. Mwanzoni sauti ni ya maji matupu. Baadaye inakuwa nzito, kama mtu anayetembea topeni. Hapo mafuta yameanza kushikana.

"Ukikiacha katikati ukaenda kupiga soga, maziwa yanapoa, mafuta yanatawanyika," anasema. "Utarudi, utasuka mpaka mbavu ziume, hupati kitu. Kibuyu hakikatizwi katikati. Hilo nililijua tangu nina miaka saba."

Kibuyu kinaenda, kinarudi.

"Nililijua la kibuyu. La mwanangu sikulijua."

Mwanae ni Jeanne Ininahazwe, mtoto wa pekee, leo ana miaka ishirini. Yuko Manyovu, mpakani na Burundi. Ukiamka asubuhi na mapema, jioni unaweza kuwa umekwenda na kurudi. Lakini Jeanne hajakanyaga uwanja huu kwa mwaka wa nne sasa, na hajasema na mama yake hata neno la salamu.

Immakulata amekubali kuyaeleza yaliyotokea, tena kwa majina, kwa sababu anaamini kuna kina mama wanaokosea leo vilevile alivyokosea yeye, na wanakosea kwa mapenzi, kama yeye.

Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka 1972 wakiwa na godoro moja na mbuzi. Yeye alizaliwa huku, akasoma mpaka darasa la saba huku, akaolewa na Leonidasi, kijana wa ukoo uliovuka mwaka uleule. Uraia waliupata wakiwa tayari watu wazima. Walilima maharage na muhogo, wakafuga, na Leonidasi akawa anapeleka ndizi kwenye soko la mpakani kwa baiskeli.

Mapema mwaka 2020 Leonidasi alikuwa akirudi kutoka sokoni. Nyuma ya baiskeli, pale palipokaa ndizi asubuhi, alimpakia Jeanne, aliyekwenda naye kununua daftari. Kwenye mteremko lori lililokatika breki likawatokea kwa nyuma. Leonidasi alimsukuma binti mtaroni. Yeye hakupata muda wa kuruka.

"Jeanne alitoka na mchubuko wa kiwiko," anasema Immakulata. "Watu wakasema, mshukuru Mungu, mtoto hana jeraha. Nikashukuru. Nikafikiri jeraha ni lile linalotoka damu."

Yalianza mwezi wa pili baada ya mazishi. Lori likinguruma kule barabarani, Jeanne anashikwa. Pumzi inakuwa fupi, vidole vinakufa ganzi, midomo inakauka. Anakwenda kuketi kwenye kigoda nyuma ya mlango, anakumbatia magoti, anaanza kujiyumbisha. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Baada ya muda anasimama, ananawa uso, anarudi kwenye kazi yake.

Mama mwingine angeshukuru kwamba anasimama. Immakulata aliona kule kuyumba tu.

Nyumbani kwao alikokulia, mama yake alikuwa na neno: anayejiyumbisha ana msiba, na kama hana, anauita. Wanawake waliofiwa ndio huketi hivyo, wakienda mbele na nyuma mbele ya maiti. Mtoto akionekana akiyumba bila sababu alichapwa mkono, aambiwe, "Unamwita nani?"

"Mimi nimetoka kumzika mume. Nimebaki na kimoja. Nakiona kimekaa nyuma ya mlango kinaita kifo," anasema. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Alifanya alichokijua. Alimshika mabega. Alimshika mikono. Alimwambia, "Tulia!" Alimkalia magotini. Kadiri alivyomshika ndivyo binti alivyozidi kutetemeka, na kadiri alivyotetemeka ndivyo mama alivyozidi kukaza mikono. Akaambiwa ni pepo, akaenda kwenye maombi. Akaambiwa ni malaria, akanunua dawa. Hakuna aliyemwambia amwache mtoto ayumbe.

Mwaka ulipotimia, ukoo ulikusanyika kuondoa msiba. Kwa watu wa huku hiyo ni siku kubwa. Pombe ya ndizi imeiva, wazee wamekuja, mjane ananyolewa, anavuliwa nguo za huzuni. Kilio kikishafungwa siku hiyo hakifunguliwi tena. Anayelia baada ya hapo ni kama anafukua kaburi.

Wazee walikuwa wanamalizia maneno pale lori lilipopita.

Jeanne alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, katikati ya watu, kwa sababu ndiye mtoto wa marehemu. Akaanza. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Minong'ono ikapita uwanjani. Bibi mmoja akasema kwa sauti, "Huyu anaufungua msiba tuliofunga! Anataka nani tena?"

Immakulata alichomoa kitenge kiunoni. Alimzungushia binti yake mikono pamoja na mgongo wa kiti, akafunga fundo.

Hapa anasimulia akitazama mikono yake, na kibuyu kinakwenda upesi zaidi. Cleophas anainama, anachezea kishikio cha kikombe.

"Hakupiga kelele," anasema Immakulata. "Alinitazama tu. Kifua kikawa kinapanda, hakishuki. Halafu macho yakageuka. Akajikojolea, mbele ya wajomba, mbele ya vijana aliosoma nao. Akazimia."

Walipomfungua na kummwagia maji, Jeanne alifumbua macho akamtafuta mama yake.

"Mama," alisema, "nilikuwa karibu kufika."

Hakuna aliyeelewa. Wengine walifikiri anazungumza mambo ya kuzimu. Juma lililofuata alifunga nguo zake kwenye mfuko, akaondoka na shangazi yake, Generosa, dada wa marehemu, kwenda Manyovu. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Immakulata alimfuata baada ya miezi mitatu. Alimkuta uani anaanua nguo. Maneno yote aliyopanga njiani yalimtoka kichwani, akamrukia, akamkamata kifundo cha mkono, "Twende nyumbani!" Jeanne akaanza kutweta. Akajinasua, akapitia mlango wa nyuma.

"Nilikwenda kuomba msamaha, nikamshika tena," anasema. "Wifi yangu akaniambia, Mama Jeanne, mikono yako hii, ifunge wewe mwenyewe kwanza."

Baada ya safari ile ikawa zamu ya mama.

Usingizi ukamkimbia. Moyo ukawa unamwenda kama ngoma ya harusi, yeye amekaa tu. Akienda kisimani anahisi ardhi inateleza. Akaacha kwenda sokoni. Akaacha hata kwaya. Kitu pekee asichoweza kuacha ni kibuyu, kwa kuwa Gaju hajui huzuni. Maziwa yanatoka kila siku na yasiposukwa yanaoza.

Miaka miwili iliyopita, Alhamisi moja, alikuwa akisuka huku redio imewaka. Ikatangazwa ajali ya lori upande wa mpakani, msichana mmoja amegongwa. Jina halikutajwa. Alipiga simu ya Generosa, haipatikani. Akapiga tena. Kibuyu kikamtoka mapajani.

"Nilijua nakufa," anasema. "Siyo mfano. Nilijua. Mikono haipo, pumzi haipo, nasikia sauti ya damu masikioni."

Wakati huohuo akaingia Rabia, muuguzi wa zahanati, mwenyeji wa Tanga aliyehamishiwa huku, ambaye hununua siagi kila wiki. Rabia anakumbuka vizuri.

"Nilimkuta rangi imemtoka, anashika koo," anasema. "Nikampima mapigo, nikamuuliza maumivu yako wapi. Nikaona hii si ya moyo, hii ni hofu imempanda. Nikatazama, kibuyu hicho hapo. Nikakiokota nikamrudishia mapajani. Nikamwambia, suka mama, usiwache. Simu nitapiga mie. Wewe usihesabu kitu kingine, hesabu kibuyu. Kikienda vuta, kikirudi toa."

Alianza kwa kutetemeka, maziwa yakigonga hovyo. Rabia aliketi kando yake, hakumgusa, akawa anayumba naye bega kwa bega. Mbele, nyuma. Walipofika kama mia mbili, mikono ikarudi. Walipofika mia nne, pumzi ikashuka tumboni. Simu nayo ikapatikana: Jeanne mzima, yuko kazini, mtandao tu ulisumbua.

Siagi siku hiyo haikushika, ilikuwa imekatizwa. Immakulata hakuijali. Alikuwa amekaa mdomo wazi.

"Rabia," alimuuliza, "kumbe mtu akiyumba anakuwa anatafuta njia ya kutoka?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa anajitibu."

"Pengine ndivyo, mama."

"Na mimi nikamfunga."

Walilia wote wawili, kisha wakamimina mtindi ule ulioharibika kwenye shimo la migomba.

Muuguzi huyo ana maelezo yake, na huyatoa bila madoido. Mwili uliojaa hofu umejiandaa kukimbia, na nguvu ile lazima itoke mahali. Mwendo wa taratibu unaojirudia, kama kutembea, kutwanga, kufagia au kuyumba, unaipa pumzi kitu cha kufuata, na pumzi ikitulia moyo nao unafuata. Anaongeza kwamba si dawa ya kila kitu. Kifua kikibana lazima upimwe kwanza, na mwenye kushikwa mara kwa mara, au asiyelala, au anayejiumiza akiyumba, aje zahanati azungumze na mtu.

"Ila kumfunga mtu kamba, hapana," anasema Rabia. "Hilo halimo katika kitabu chochote."

Tangu siku ile Immakulata husuka kwa makusudi mawili. Siagi anauza kwa walimu na wafanyakazi wa serikali, shilingi elfu tano kopo dogo, na wiki nzuri humpatia elfu thelathini, nusu inaishia kwenye chumvi na dawa za Gaju. Hayo ni ya tumbo. La pili ni lake mwenyewe. Siku zisizo za kusuka, hofu ikija, anatia maji ndani ya kibuyu cha zamani kilichopasuka mdomo, anasuka maji.

"Watu wakanicheka," anasema. "Huyu sasa anatafuta siagi ya maji!"

"Mimi ndiye nilicheka wa kwanza," Cleophas anakiri.

"Ulicheka sana. Nikakuona."

"Na mimi mke wangu alipougua nikaja kuazima nini?"

"Ukaja kuazima kibuyu."

"Basi usinitangaze kwa kucheka tu. Tangaza na hilo."

Siku za kliniki ya watoto, Rabia humwita azungumze na kina mama kwenye mabenchi. Si msemaji. Anakwenda na kibuyu chake, anakaa, anasuka kidogo, kisha anaeleza habari ya kitenge. Mwezi uliopita mama mmoja kijana, Esteri, alimfuata hadi nyumbani. Bintiye wa miaka tisa alikuwa ameanza kujiyumbisha tangu nyumba yao ilipoungua.

"Nikimwacha ayumbe, watu watasema nimelogwa," Esteri alisema.

"Watasema."

"Mama mkwe wangu atasema naua ukoo wake."

"Ego, ndiyo, atasema. Wangu nao walisema, nikawasikiliza. Leo wote wamelala na watoto wao. Mimi nimelala na kopo."

Kopo analolitaja liko dirishani, kopo la plastiki la mfuniko mweupe. Kila Alhamisi analijaza siagi ya juu, ile ya kwanza kushika, na Ijumaa analikabidhi kwa kondakta wa gari la kwenda Manyovu. Generosa hulipokea. Jumatatu kopo hurudi tupu. Hakuna barua, hakuna salamu. Lakini hurudi limeoshwa, na Generosa amemwapia kwamba anayeliosha ni Jeanne mwenyewe, kwa maji ya moto, na hataki mtu mwingine aliguse.

"Mtu aliyekutupa hakuoshei kopo," anasema Immakulata. "Au mnaonaje?"

Jeanne anafanya kazi kwenye tanuri la mikate, si mbali na barabara ya malori. Habari hiyo ilimtisha sana mama mwanzoni: mtoto anayeogopa malori anakaaje mpakani? Generosa alimweleza kwamba binti anakanda unga kuanzia asubuhi, kwa mikono yote miwili, mbele na nyuma. Lori likipita, anakanda kwa nguvu zaidi kidogo. Likishapita, anarudi kwenye mwendo wake. Hajazimia tena.

Jumapili alasiri tanuri likiwa kazini, Generosa hupita pale, hupiga simu, kisha huiweka juu ya meza ya unga bila kuikata. Immakulata hukaa na simu sikioni dakika tano, kumi, mpaka salio la wifi yake limalizike. Husikia watu wakizungumza mbali, bati likiburutwa. Na karibu kabisa husikia kitu kizito kikipigwa na kukunjwa. Pu. Pu. Pu.

"Huyo ndiye yeye," anasema. Uso wake unakuwa wa msichana. "Nakaa nasuka hewa, tunakwenda pamoja. Sijui kama anajua nipo. Sijauliza."

Kibuyu mapajani kimebadilika sauti. Cleophas anakuwa wa kwanza kusikia, anainua kichwa. Immakulata anasuka mara kumi zaidi, polepole, kama anayemshusha mtoto mgongoni, kisha anachomoa kizibo. Punje za manjano zimejaa mdomoni. Anamimina mtindi, anajaza kikombe cha jirani, halafu anaikusanya siagi kwa kijiko cha mti, akichagua ile ya juu na kuitenga.

Kwenye kona ya jiko, juu ya ngata ya majani makavu ya migomba, kuna kibuyu kingine, kikubwa kama ndama. Alikinunua Buhigwe kwa bibi aliyeacha kufuga. Mtu mmoja hakiwezi. Kinalazwa juu ya ngata, watu wawili wanaketi wakitazamana, mmoja anasukuma, mwenzake anapokea na kurudisha. Kwa muda wa miezi minne amekuwa akikifukiza moshi na kukipaka mafuta. Majirani wanamuuliza atasuka na nani.

Maharage yakishavunwa mwezi wa sita, atakipeleka Manyovu. Ameshapiga hesabu ya siku: maziwa ayalaze Jumanne, apande gari Alhamisi asubuhi, ayabebe ndani ya ndoo akiwa ameipakata.

"Zamani barabara ingenisukia yenyewe, ningefika na siagi tayari," anasema, akicheka kwa mara ya kwanza leo. "Sasa kuna lami. Yatafika bado hayajasukwa."

Hatamwita Jeanne. Hatamwambia twende nyumbani. Ataomba kwa Generosa kipande cha uani, atandike mkeka, alaze kibuyu katikati, aketi upande mmoja.

"Na asipotoka?" anauliza Cleophas.

"Nitarudi Alhamisi nyingine."

"Na ile nyingine?"

"Cleophas, kunywa mtindi."

Anainuka kwa kujishikilia magoti, anakwenda dirishani kulichukua kopo alijaze kwa ajili ya kesho. Kabla ya kulifungua analigeuza kwenye mwanga. Jumatatu hii lilirudi limeoshwa kama kawaida, ila juu ya mfuniko mweupe kuna alama tatu za vidole, za unga, zilizokauka. Zinaonekana kama zimewekwa baada ya kuosha.

Anaufungua mfuniko kwa kuushika pembeni. Anajaza siagi, anasawazisha kwa kijiko, anafunga tena taratibu. Alama zote tatu bado zipo.

"Hizi sizifuti," anasema. "Nazirudisha kama zilivyo, ajue nimeziona."